Bamba la Kifua la Adela

Jumamosi, 8 Machi 2014

Nimemuua tena Malkia wa Pango. Kadondosha chupa mbili za dawa na ngozi ya popo. Ngozi za popo nimejaza sanduku zima.

Mwaka wa pili huu nacheza mchezo huu. Kila Jumamosi saa nne asubuhi, kompyuta ya tatu kutoka mlangoni, dukani kwa Mzee Salum karibu na stendi. Mzee hanitozi, kwa sababu mashine zake zikigoma mimi ndiye ninayezifungua. Leo mtandao umekwama mara nne. Mara moja nilikwama nikiwa miguuni pa Malkia, nikajua nimekufa. Ulipozinduka nilikuwa mzima.

Deraya ya Mfalme Jivu, vazi lake la chuma la vita, ina vipande sita. Ninavyo vitano: kofia, mabega, glavu, miguu, viatu. Hivyo ni vya jasho, ukikaa utavipata. Cha sita ni bamba la kifua, na hilo anatoa Malkia peke yake, tena akijisikia. Haliuzwi, haligawiwi. Likikuangukia ni lako wewe tu. Mwenye vyote sita, chuma chake kinawaka mishipa myekundu kama makaa yaliyopulizwa, na walinzi wa lango la mji wanainamisha mikuki akipita.

Mimi nikipita wananitazama tu. Chuma mwili mzima, kifuani shati la ngozi.

Mpiganaji wangu anaitwa Ntare. Kikosi chetu kina Wafilipino, Wabrazili, na jamaa mmoja wa Eldoret. Wananiita Kapteni. Hawajui kwamba Kapteni anafundisha hesabu darasa la sita hapa Kasulu na ana jozi mbili za viatu.

Madaftari ya kusahihisha yako mezani. Sina hamu nayo.

Jumapili, 9 Machi

Adela kapiga simu baada ya misa. Mdogo wangu. Tumezaliwa wawili tu. Yuko Kibondo, anatunza stoo ya dawa kwenye shirika moja linalohudumia wakimbizi. Ofisi yao ina dishi juu ya paa. Mtandao wao haujui kukwama.

Krismasi alipokuja nyumbani na laptopu nilimfungulia akaunti ya mchezo. Nikamfundisha kushika upanga, kukinga, kukimbia. Hata nywila nilimchagulia mimi, jina la ng'ombe aliyekuwa wa baba. Mpiganaji wake kamwita Inyange, yule ndege mweupe anayefuata ng'ombe malishoni. Nilicheka sana. Nani anapeleka ndege yule vitani?

Anacheza saa ya chakula cha mchana, wenzake wakienda kula. Kila siku. Februari alikuwa ameshamaliza vile vipande vitano. Vilivyonichukua mimi mwaka na nusu.

Kaniambia, "Kaka, mchezo wako mtamu." Wangu. Nimependa alivyosema hivyo.

Alhamisi, 20 Machi

Ujumbe wake umeingia nikiwa darasani. "Kaka nimepata kifua!!!" Nikadhani anaumwa. Nikamjibu aende hospitali haraka. Akanicheka. Bamba, kaka. Malkia kaniachia bamba.

Nikamuuliza amemuua mara ngapi.

Mara mbili.

Mara mbili.

Nikarudi ubaoni, nikakosea kujumlisha sehemu. Mtoto mmoja akanyoosha kidole akanisahihisha. Nikamwambia akae chini. Alikuwa sahihi. Haikuwa haki.

Nimemwandikia Adela: Hongera sana mdogo wangu. Maneno manne. Nimeyaandika kutoka ofisi ya walimu mpaka nyumbani.

Jumamosi, 22 Machi

Nimemwona.

Alisimama langoni mwa mji, anawaka. Sikuwahi kumwona mtu mwenye deraya nzima kwa karibu. Picha nilizokuwa naziona si kitu. Ile mishipa inapumua. Inapanda, inashuka. Akitembea cheche zinabaki nyuma yake.

Walinzi wakainamisha mikuki. Akarudi nyuma, akapita tena, wakainama tena. Akacheka kwa maandishi, haha haha, kama mtoto.

Watu wakajaa. Mbrazili mmoja wa kikosi chetu akaniandikia: Kapteni, sogea kidogo, unaziba picha.

Nikasogea.

Jumatano, 26 Machi

Nina wivu. Nimeandika. Hakuna anayesoma humu.

Sijali sana kwamba amepata. Ninachojali ni kwamba hakuhangaika. Baba alipofariki nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu yalikuwa ya kuendelea. Sikuendelea. Nikaingia chuo cha ualimu hapa hapa, kozi fupi, nianze kazi upesi, Adela asome. Hakuna aliyeniomba, niliamua mwenyewe. Akafika kidato cha sita, akaenda chuo Dodoma, akarudi na cheti na kazi na dishi juu ya paa.

Sikuwahi kumwonea wivu kwa Dodoma. Au niliona, nikaita jina jingine.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua asubuhi. Stendi matope matupu. Nilifika kwa Mzee Salum nimeloa mpaka magotini.

Kikosi kimechagua kapteni mpya. Sikujua kuna uchaguzi. Wamesema watu wapya wengi wanaomba kuingia kwa ajili ya Inyange, kwa hiyo jina lake likae juu. Jamaa wa Eldoret akaniandikia pembeni kwa Kiswahili: Usichukie boss, ile deraya ndiyo inavuta watu.

Adela alikataa. Akasema kaka yangu ndiye kapteni. Wakamsihi. Akakataa tena. Wakamsihi tena, akakubali. Halafu akaniandikia: ni kwa muda tu, kaka.

Nikajibu sawa.

Nilimuua Malkia mara mbili leo. Ngozi ya popo.

Jumapili, 6 Aprili

Mama kapiga simu kutoka Kitanga. Sauti ya furaha, anapiga kelele kama vile simu haifiki mbali. Kuna posa. Kijana anaitwa Elia, fundi wa magari kwenye shirika lile lile la Adela. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi zamani, yeye kazaliwa kambini, sasa ni raia wote, wanalima. Mama kauliza kila mahali na kila mahali kaambiwa ni watu wazuri. Watakuja Jumamosi ya tarehe kumi Mei.

"Wewe ndiye baba yake sasa," mama kasema. "Utakaa kitini uwapokee."

Nimesema nitakaa.

Halafu akauliza, akiniita mwanangu kwa lugha ya nyumbani, "Na wewe, mwana wanje? Lini?"

Hakusema kwa ubaya. Nina miaka thelathini na mmoja. Nilimwambia salio linaisha, na aliyepiga ni yeye.

Jumamosi, 12 Aprili

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mtandao ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Nilimuua Malkia saa nne na nusu, nikamuua saa tano na robo. Hakuna kitu. Nikatoka kwenye akaunti yangu. Nikaandika jina la Inyange. Nikaandika jina la ng'ombe wa baba. Ikafunguka. Hakuwa amebadilisha.

Nilitaka kuvaa tu. Hiyo ni kweli. Nilitaka kujua mtu anajisikiaje.

Nikapita langoni. Mikuki ikashuka. Nikarudi nikapita tena. Mara tatu. Watu wananisalimia kwa jina lake, mmoja ananitupia maua. Nilifurahi kwa muda mfupi sana. Hawakuwa wananisalimia mimi.

Tanuru la mhunzi liko nyuma ya soko. Unaweka kitu, linakivunja linakupa chuma chakavu. Nikaliweka bamba. Maandishi yakatokea: Kitu hiki kikivunjwa hakirudi. Una uhakika?

Mzee Salum akanigusa bega, akaniuliza kama nitakunywa chai.

Nikamwambia ndiyo, ahsante mzee. Nikabonyeza.

Chai ilikuwa na tangawizi. Nikaimaliza yote. Nikafuta kumbukumbu za kompyuta, nikamshukuru, nikaenda sokoni nikanunua maharage. Nikabishana bei kama siku zote. Hilo ndilo linalonitisha sasa nikiandika.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Nilibeba tawi. Sikuimba.

Jumatatu, 14 Aprili

Kapiga saa saba mchana. Kalia mpaka haeleweki. Nilikuwa nyuma ya vyoo vya shule, mahali pekee pasipo na watoto. Bamba halipo, kaka. Nimeingia nimekuta kifua wazi. Kuna chuma chakavu mfukoni. Nani kafanya hivi?

Nikasema pole. Nikasema labda ni hitilafu. Nikasema waandikie wenye mchezo.

Nimesema hayo yote kwa sauti ya kaka mzuri. Naijua vizuri hiyo sauti, nimeitumia miaka kumi.

Alhamisi, 17 Aprili

Wenye mchezo wamemjibu. Si hitilafu. Bamba limevunjwa na mwenye akaunti, kwa nywila sahihi, Jumamosi kabla ya saa sita. Hawawezi kulirudisha.

Kwa hiyo ni mtu anayejua nywila, Adela kasema. Nikasubiri jina langu.

Akasema Elia.

Nywila aliiandika kwenye karatasi, karatasi iko kwenye droo yake ofisini. Jumamosi ile Elia aliazima laptopu kuandika taarifa ya magari. Na wiki iliyotangulia walikuwa wamegombana kuhusu mchezo. Elia alimwambia, "Unaolewa na mimi au na kile chuma?"

"Ni yeye, kaka. Nani mwingine?"

Hakunifikiria hata kidogo. Ningefurahi angenifikiria.

Nilipaswa kusema pale pale. Nikamwambia asifanye haraka. Ndicho nilichosema. Asifanye haraka.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Niko Kitanga, nyumbani. Naandika nimekaa nyuma ya jiko, mama anadhani natayarisha masomo.

Adela alifika jana jioni. Amekonda uso. Kuku kachinjwa, mchele umepikwa, hakuna aliyekula kwa furaha. Baada ya chakula akamwambia mama: wale watu wasije tarehe kumi. Nimemkataa.

Mama akashika kichwa. Akauliza kosa. Adela akasema: ameniharibia kitu changu na anakana. Mama akauliza kitu gani. Adela akashindwa kueleza. Anamwambiaje mama habari ya Malkia na bamba?

Baadaye akanieleza mimi, tukiwa tunakoka moto. Alimfuata Elia gereji mbele ya mafundi wote. Elia akasema hajui chochote. Akaapa. Adela akazidi kuwaka, mafundi wakaanza kucheka, na katika hasira akamwambia: nyie watu wa kambini mmezoea kuiba na kukana.

Akasema Elia aliweka spana chini, akaondoka.

"Sijui lilitoka wapi hilo neno, kaka," kasema. "Lakini kama kafanya kweli?"

Nilikuwa nimeshika ukuni. Nikauweka motoni. Nikasema kuni hizi mbichi.

Mimi ni mtu mbaya. Sihitaji kuongeza.

Jumanne, 22 Aprili

Nimerudi Kasulu. Nimefundisha. Sikumbuki nimefundisha nini.

Kuna kitu sikukiandika juzi na lazima kiandikwe. Mama aliposhika kichwa, Adela alipokuwa analia, kuna sehemu ndogo ndani yangu iliyotulia. Kwamba na yeye amekosa kitu sasa. Kwamba tuko sawa.

Nimekisoma hiki mara mbili. Siwezi kuishi na mtu wa namna hii, na mtu mwenyewe ni mimi.

Jumamosi ni sikukuu ya Muungano. Nitakwenda Kibondo.

Jumamosi, 26 Aprili

Basi la saa kumi na mbili. Limekwama kwenye tope kabla ya nusu ya njia, wanaume wote tukashuka tukasukuma. Nimefika Kibondo suruali nyekundu mpaka mapajani.

Adela alikuwa anafua nje ya chumba chake. Akafurahi kuniona. Akafuta mikono, akaniletea kigoda, akaniuliza mbona sikusema nakuja.

"Adela, bamba lako nililivunja mimi."

Hakuelewa. Akaniuliza kama nimekula. Nikarudia.

"Wewe?"

"Mimi. Kwa Mzee Salum. Nywila nilikuwa naijua."

Alikuwa kashika shati. Akalikamua mpaka maji yakaisha, akaendelea kulikamua.

"Kwa nini?"

"Wivu."

"Wivu wa mchezo?"

"Wa mchezo. Wa ukapteni. Wa Dodoma. Wa kuolewa kwako. Sijui ulianzia wapi."

Akakaa chini, kwenye udongo wenye maji, na kitenge chake. Jirani mwenye kibanda cha vocha akatazama, akageuza uso.

"Dodoma ulinipeleka wewe," kasema.

"Najua."

"Sikukuomba."

"Najua, Adela."

Akalikunja shati magotini. Halafu akasema, "Nilimwita mwenzangu mtu wa kambini. Mbele ya watu. Hilo neno ni langu, silitupi kwako. Lakini wewe ulikaa jikoni kwa mama ukanisikiliza, ukaniambia kuni mbichi."

Nikainuka kigodani.

"Elia yuko gereji. Kamwambie mwenyewe. Mimi sikusindikizi."

Nikaenda. Alikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana. Akatoka, kijana mrefu, ana kovu kwenye kidevu. Akanikaribisha, akasafisha kiti kwa tambara. Nikamweleza nimesimama. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Hicho chuma kinashikika?" akauliza.

"Hakishikiki."

"Ukizima kompyuta kinabaki wapi?"

"Hakibaki popote."

Akatingisha kichwa polepole. Sikuona hasira. Ningependa nione.

"Wewe nimekusikia," akasema. "Lakini yeye aliamini. Siku moja tu, na neno la kunitupia lilikuwa tayari mdomoni."

Nikamwambia Adela amejuta. Akaniambia hilo ni la Adela kusema. Halafu akatazama juu, akasema, "Shemeji, wahi basi. Mvua inakuja."

Shemeji. Bado ananiita hivyo. Nililia ndani ya basi, dirishani, mwanamke mwenye kuku pembeni yangu akajifanya amelala.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimempigia Adela. Hakupokea.

Jumatano, 30 Aprili

Hakupokea.

Jumamosi, 10 Mei

Kitanga. Leo ndiyo wangekuja.

Hakuja mtu. Nimepalilia maharage na mama tangu asubuhi. Katikati ya tuta la tatu nikamwambia. Nilijaribu kueleza mchezo, nikachanganyikiwa, nikaanza upya. Mama hakuacha jembe.

"Hicho kitu alikuwa anakipenda?"

"Sana."

"Ukakiharibu ukijua anakipenda."

"Ndiyo, mawe." Ndivyo tunavyomwita mama kwa lugha ya nyumbani.

"Ukamwacha amdhanie mtoto wa watu."

"Ndiyo."

"Basi nimeelewa. Usinieleze kompyuta tena."

Tukapalilia mpaka mwisho wa shamba. Tulipokuwa tunaosha majembe akasema kwamba kama wale watu watakuja siku yoyote, atakayekaa kitini ni baba mdogo Filipo. Siyo mimi.

Sikubisha. Imeniuma kuliko ukapteni. Nilistahili.

Jumamosi, 24 Mei

Nimekwenda kwa Mzee Salum baada ya wiki sita. Akauliza kama nilikuwa mgonjwa. Nikasema kidogo.

Nimeingia kwenye mchezo. Watu wa kikosi wanauliza Inyange yuko wapi, mbona haonekani, amepata ajali? Wengine wamemwachia maua langoni, wakidhani amekufa. Nikaandika ukweli mahali wanaposoma wote. Kwamba Inyange ni dada yangu. Kwamba niliingia kwa nywila yake nikamvunjia bamba. Kwamba nilikuwa na wivu.

Yakaja matusi, kwa Kiingereza na kwa lugha nisizozijua. Halafu jamaa wa Eldoret, kwa Kiswahili: Pole boss. Lakini toka.

Wakanitoa. Ntare akabaki peke yake katikati ya soko na vipande vyake vitano. Nikakaa nikamtazama. Kuna mvua huwa inanyesha katika mji ule, mistari ya kijivu, sikuwahi kusimama kuitazama. Nikazima.

Kompyuta ya kwanza ya Mzee ilikuwa imegoma. Nikaifungua, nikapangusa vumbi, ikawaka. Mzee akanipa peni mbili za wino mwekundu kwa ajili ya kusahihisha.

Jumanne, 3 Juni

Ujumbe kutoka kwa Adela. Wa kwanza. "Mama anasema unakohoa. Kunywa dawa."

Hakuna kaka, hakuna salamu. Nimeusoma mara nyingi. Nimenunua dawa.

Jumamosi, 14 Juni

Mama kasema wamezungumza, Adela na Elia. Hakujua mengi. Adela alikwenda kwa wazazi wa Elia, kwa miguu kutoka barabara kuu, akapiga magoti mbele ya mama yake akaeleza neno alilolisema. Hakunitaja mimi. Yule mama akamwacha magotini muda mrefu, halafu akamwambia ainuke amenye mihogo.

Hakunitaja mimi. Mama kanieleza hilo mara mbili, nadhani kwa makusudi.

Watakuja Jumamosi ijayo.

Nimefurahi. Kweli nimefurahi. Na bado, mama aliposema kwamba Elia anajenga, vyumba viwili, bati jipya, kuna kitu kimenichoma kidogo chini ya mbavu. Hakijaondoka. Nakiandika nisije nikajidanganya kwamba nimepona.

Jumapili, 22 Juni

Kitanga. Asubuhi, baridi, ukungu bado umelala bondeni.

Jana walikuja, watu saba, na mshenga mwenye maneno mengi. Baba mdogo Filipo alikaa kitini na koti lake la harusi za watu. Alizungumza vizuri, kuliko ambavyo ningeweza. Mimi nilibeba birika na beseni, nikawanawisha mikono, mmoja mmoja. Nilipofika kwa Elia akanyoosha mikono kama wengine, akasema ahsante shemeji. Kucha zake zina grisi isiyotoka. Mama yake hakunitazama. Nadhani anajua.

Adela aliitwa, akaulizwa kama anawafahamu wageni hawa. Akasema anawafahamu. Vigelegele. Mama alicheza mpaka kilemba kikaanguka.

Sikuambiwa niseme kitu. Nilisimama karibu na mlango wa jiko na birika langu, nikasikiliza yote.

Jioni wageni waliondoka, majirani wakabeba viti vyao. Likabaki turubai tuliloazima kanisani, kubwa, la bluu, limejaa umande na mchele uliomwagika. Nilikuwa nalikunja peke yangu na halikunjiki. Upepo unaliinua upande huu, nikikimbilia huko linainuka upande ule. Mama alikuwa ameshaingia ndani kulala, miguu inamuuma.

Adela akatoka na ndoo ya maji machafu, akaimwaga. Akasimama akanitazama. Akatazama huku na huku kama anatafuta mtu mwingine. Hakukuwa na mtu mwingine.

Akaweka ndoo chini, akaja akashika upande wa pili.

Tukalivuta likanyooka. Tukalikung'uta, mchele ukaruka. Akatembea kuja kwangu akanikabidhi pembe zake, akarudi akaokota mkunjo, tukavuta tena. Hivyo mpaka likawa dogo la kubebeka kwapani.

Akaokota ndoo yake akaingia ndani.

Leo baada ya misa nitalirudisha.